Mashine Isiyo na Midomo: Ruwaza, Historia Yake, na Mizani za Babu

Katika semina ya ushairi ya mwaka jana nilisimama mbele ya wenzangu nikadai kwamba babu yangu hajui mizani. Sikusema kwa maneno hayo, maana nina adabu zangu. Nilisema hivi: uchunguzi wa diwani moja ambayo haijachapishwa, yenye beti 80 za tarbia, unaonesha kuwa zaidi ya nusu ya mishororo yake 320 haitimizi mizani 16. Nikachora na jedwali ubaoni. Wenzangu wakapiga makofi, mhadhiri akaandika kitu katika daftari lake, nami nikaketi nikijiona mhakiki kamili.

Makala hii inakusudia kuyafuta maneno yale. Lakini kufuta tu hakutoshi. Msomaji atataka kujua kosa lilitoka wapi, na mimi katika kulifuatilia nimejikuta mbali sana na Pangani anakoishi babu, nimefika Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, kwa watu ambao hawakuwa na habari na ushairi wetu hata kidogo. Nitaisimulia historia hiyo kadiri nilivyoielewa. Zana niliyoitumia inaanza kuingia katika idara zetu za fasihi, na si vema kutumia panga usilojua limenolewa upande upi.

Kwanza kisa chenyewe. Daftari za babu ni tatu. Niliziandika zote kwenye kompyuta likizo nzima, kisha nikaanza kuhesabu mizani kwa vidole. Kabla sijafika mshororo wa hamsini nilikwisha choka. Rafiki yangu anayesoma uhandisi akanicheka: "Acha ushamba bwana, andika rejeksi." Rejeksi ndiyo nini? Akanieleza kwamba ni ruwaza: unaiandikia kompyuta umbo la kitu unachokitafuta badala ya kitu chenyewe, nayo inapita katika maandishi yote ikikamata kila kinacholingana na umbo hilo. Ukiandika [aeiou] umesema "irabu yoyote moja kati ya hizi tano." Ukiweka kinyota baada ya herufi umesema "irudiwe mara yoyote, hata isipokuwepo kabisa." Kwa hiyo Aa*h inakamata Ah, Aah, Aaaah, na vilio vyote vya mashairi ya tanzia.

Siku za kwanza nilikuwa kama mtoto aliyepewa kiberiti. Nilitaka kuutenga ukwapi wa kila mshororo, yaani kipande cha kabla ya mkato. Nukta husimama badala ya herufi yoyote, basi nikaandika .*, nikidhani nimesema "chochote mpaka kwenye mkato." Ikanimezea karibu mshororo mzima kila palipokuwa na mikato miwili! Rafiki yangu akasema kinyota ni mlafi: kikiambiwa chochote, hula chote mpaka mkato wa mwisho kabisa. Dawa yake ni kumwambia asichoruhusiwa kula, [^,]*, yaani "chochote ambacho si mkato." Ilinichukua siku mbili kuelewa jambo hilo, na sioni haya kulisema.

Kisha nikafanya lile lililoniponza. Nikajiuliza: mizani ni nini? Nikajijibu haraka haraka: ni silabi. Na silabi ya Kiswahili ni nini? Huishia kwa irabu, ndivyo tulivyofundishwa tangu sekondari. Basi hesabu irabu, umehesabu mizani. Ruwaza yangu ilikuwa [aeiou] tu. Kompyuta ikamaliza mishororo 320 kabla sijavuta pumzi, na jawabu lake ndilo nililolipeleka semina.

Hapa sina budi kueleza kwa nini jawabu lile lilinifurahisha kupita kiasi. Sote tunaujua ugomvi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ambayo ndani yake vina na mizani havikutawala tena. Tangu hapo wanajadi na wanamabadiliko wamekuwa wakivutana, na wanafunzi wa kila mwaka huchagua upande kama wanavyochagua timu ya mpira. Mimi ni wa upande wa mashairi huru. Nilipoona mtu wa jadi kama babu "anavunja" sheria ileile anayoihubiri, niliona nimepata silaha. Sikuikagua. Nani hukagua namba zinazomfurahisha?

Nilipokwenda Pangani nilimsomea babu jedwali langu. Nilitaka, Mungu anisamehe, kumtania. Hakukasirika. Akaniuliza nimsomee mshororo mmoja uliopungua. Nikamsomea huu:

Mtoto mtu mzima, mchunge asije zama

"Mashine inasema mna mizani 12, babu."

Akanyoosha mkono juu ya meza akaanza kugonga kwa kidole, polepole, kama anayemfundisha mtoto wa chuoni alifu na be. M. To. To. M. Tu. M. Zi. Ma. Nane. M. Chu. Nge. A. Si. Je. Za. Ma. Nane. Kila alipofika kwenye M alifunga mdomo, akangoja, kisha akafungua. Halafu akaniangalia.

"Mjukuu wangu, hiyo mashine yako haina midomo?"

Haina. Na ndiyo maana nikataka kujua imetengenezwa na nani.

Mwanzo wa historia hii si maandishi. Ni ubongo. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walichapisha makala iliyouchukulia ubongo kama mtandao wa seli za neva, kila seli ikiwa ama imewaka ama imezimika. Miaka minane baadaye, kiangazi cha 1951, mwanahisabati Stephen Kleene alikuwa katika shirika la utafiti la RAND huko California. Alijiuliza swali hili: mtandao wa namna hiyo, wenye seli chache tu, unaweza kuutambua mfululizo gani wa matukio? Jibu lake, lililochapishwa rasmi mwaka 1956, ni zuri hata kwetu tusio wanahisabati. Alionesha kuwa mtandao huo hutambua yale tu yanayoweza kujengwa kwa njia tatu: kuchagua (hiki au kile), kufuatanisha (hiki kisha kile), na kurudia (hiki tena na tena). Kinyota nilichokieleza hapo juu ni alama ya Kleene ya kurudia, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mambo yanayojengeka hivyo aliyaita matukio ya kawaida, na katika andiko lake la 1951 aliwaomba wasomaji wampe jina lililo bora zaidi. Hakuna aliyempa, na jina limebaki vivyo hivyo.

Tazama vizuri: hapa hakuna sauti wala herufi. Kuna alama tupu zinazofuatana. Aliyeyaleta mawazo ya Kleene kwenye maandishi ni Ken Thompson wa maabara ya Bell, New Jersey. Mwaka 1968 alichapisha makala fupi mno, ya kurasa nne, akieleza namna kompyuta ya IBM 7094 inavyoweza kutafuta ruwaza ndani ya matini. Ujanja wake unapendeza. Kompyuta husoma herufi moja moja na hairudi nyuma. Kila herufi inapopita, hushika orodha ya mahali pote ambapo ruwaza ingekuwa imefika kufikia hapo. Zile njia zisizolingana zinakufa zenyewe. Yeyote aliyewahi kusikiliza fumbo huku ameshika majibu matano kichwani, akiyaacha moja moja kila neno linapoongezwa, amefanya kazi ya Thompson. Aliutia ujanja huo ndani ya kihariri kilichoitwa QED, na baadaye, kwa umbo lililopunguzwa, ndani ya kihariri cha mfumo wa Unix kilichoitwa ed.

Sasa fasihi inaingia, na nakiri hapa ndipo niliporuka kwenye kiti.

Kati ya mwaka 1787 na 1788 yalitolewa New York makala 85 ya kuwashawishi watu waikubali katiba mpya ya Marekani. Yalitiwa saini kwa jina la bandia, Publius. Walioyaandika ni watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, lakini kuhusu makala 12 pakawa na mabishano ya zaidi ya karne: ni ya Hamilton au ya Madison? Mitindo yao inafanana mno. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha kitabu kilicholijibu swali hilo kwa kuhesabu. Hawakuhesabu maneno mazito ya siasa. Walihesabu vijineno, vile ambavyo mwandishi huviandika bila kujijua. Hamilton alipenda kuandika "upon" mara kwa mara, Madison karibu hakuitumia kabisa; pale Hamilton anaposema "while", Madison anasema "whilst". Ni kama kumpambanua mwandishi wetu kwa kuangalia kama husema "lakini" au "walakini", "ili" au "ili kwamba". Wakahitimisha kuwa makala yale 12 ni ya Madison.

Kule maabara ya Bell alikuwapo mtu aitwaye Lee McMahon ambaye naye alivutwa na makala hayohayo. Alitaka kuyapekua kwa ruwaza za Thompson, ila palikuwa na kikwazo: kihariri cha ed hakikuweza kuyabeba kwa wakati mmoja. Kompyuta zao za PDP-11 ziliipa programu nafasi ya kilobaiti 64 tu, na makala 85 ni mzigo. Kwa masimulizi ya Brian Kernighan, aliyekuwa mwenzao, Thompson aliichomoa sehemu ya kutafuta kutoka ndani ya ed akaifanya programu inayojitegemea, isiyohitaji kubeba matini yote bali kuyapitia mstari kwa mstari. Ndani ya ed, ukitaka kuona mistari yote yenye ruwaza fulani uliandika herufi g, kisha ruwaza kati ya mikwaju miwili, kisha p, maana yake "pita kote, palipo na hii, chapa." Ruwaza yenyewe kwa kifupi waliiita re. Unganisha herufi hizo upate jina la programu: grep. Ilitokea mwaka 1973 na inatumika mpaka leo. McMahon mwenyewe akaendelea akaunda ndugu yake, sed, ya kubadilisha maandishi mstari kwa mstari.

Kwa hiyo wale wanaotuambia watu wa fasihi kwamba kompyuta "si mambo yetu", tuwajibu kwa historia. Zana hii imefika hapa kwa sababu mtu mmoja alitaka kusoma vizuri maandishi ya zamani. Hata aliyeisambaza duniani kuliko wengine, Larry Wall, aliyetoa lugha yake ya Perl mwaka 1987, alikuwa amesomea isimu, na kusudi lake la ujanani lilikuwa kutafuta lugha isiyoandikwa, labda katika Afrika, aitungie maandishi. Afya haikumruhusu. Nafikiri wakati mwingine angelikuja, ruwaza zetu zingekuwaje.

Maana hebu tuangalie wote hao walikuwa wanasoma nini. Walikuwa wanasoma Kiingereza kilichopigwa chapa. Kwao neno ni herufi zilizozungukwa na nafasi, na ndivyo kompyuta ilivyolirithi. Hakuna aliyehitaji midomo. Kosa halikuwa lao hata hivyo. Mimi ndimi niliyemwambia mtumwa mtiifu ahesabu irabu, naye akahesabu irabu bila kukosea hata moja. Aliyesahau M ni mimi, niliyezaliwa ndani ya lugha hii.

Nikarudi bwenini nikarekebisha. Safari hii nikaandika: irabu yoyote, au m inayofuatwa na herufi isiyo irabu wala w wala y. Nikaongeza na n ya nchi na nne. Nikajiona nimemaliza. Masikini! Babu aliyekuwa anapunguza mizani sasa akawa anazidisha. Ruwaza yangu ilikuwa inavunja nyumba kuwa nyu-m-ba, na mboga kuwa m-bo-ga. Nikasema basi, m ikifuatwa na b isihesabiwe. Hapo mbwa akapoteza silabi, na "kumbeba mtoto" ikaharibika, kwa sababu m ile ni mtoto mwenyewe, ku-m-be-ba.

Halafu nikagonga ukuta. Neno ni "mbaya". Katika "mtu mbaya" tunatamka m-ba-ya, mizani tatu. Katika "nyumba mbaya" tunatamka mba-ya, mizani mbili. Herufi ni zilezile tano, kwa mpangilio uleule. Hakuna ruwaza ya herufi duniani itakayozitenganisha kwa kulitazama neno hilo peke yake. Lazima ujue linamsifu nani, mtu au nyumba, yaani lazima uijue ngeli. Babu anaijua ngeli kwa kufunga na kufungua mdomo. Mimi nilifundishwa kuiweka katika jedwali, nikafaulu mtihani, na nilipoihitaji sikuikumbuka.

Mwaka uleule wa 1956 ambao kazi ya Kleene ilichapishwa, Noam Chomsky alitoa makala iliyoonesha mipaka ya mashine za namna hii: hazina ghala la kumbukumbu. Haziwezi kufuata kitu kilichoingizwa ndani ya kingine, na kingine tena, bila kikomo. Kwa mfano wetu, zingepotea katika Alfu Lela Ulela, ambamo msimulizi anamsimulia msimulizi anayemsimulia msimulizi, na kila hadithi iliyofunguliwa inadai kufungwa kwa zamu yake. Mizani 16 si tatizo la aina hiyo. Kumi na sita ni idadi yenye mwisho, na mashine ndogo kabisa inaweza kuihesabu. Tatizo la "mbaya" ni jingine, la kukosa kamusi.

Na kamusi ilikwisha tengenezwa, nami sikujua. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alibuni namna ya kuchanganua maumbo ya maneno kwa mashine ambazo ni wajukuu halali wa mtandao wa Kleene, zikiwa zimeunganishwa na orodha ya mizizi na viambishi. Mwenzake Arvi Hurskainen akaitumia njia hiyo kwa Kiswahili na kuieleza katika makala ya mwaka 1992. Mfumo wake, SWATWOL, hupewa neno kama "hatukumbebea" ukalikata vipande na kutaja kila kiambishi na ngeli yake. Yaani Kiswahili kilikuwa kinachanganuliwa Ufini miaka mingi kabla sijazaliwa, huku mimi nahesabu irabu bwenini na kupigiwa makofi. (Wapo watakaoniambia siku hizi si unaiuliza tu mashine ya mazungumzo ikuhesabie. Niliiuliza. Asubuhi ilinipa jibu moja na jioni jingine, yote mawili kwa ufasaha mkubwa.)

Mwishowe nilifanya hivi. Niliiacha kompyuta ihesabu pale pasipo shaka, na kila mshororo wenye mb, mv au nch nikaomba iutenge kando. Hiyo ruwaza iliiweza vizuri sana, maana kutafuta mahali pa kutia shaka ni kazi inayoifaa. Mishororo hiyo nikaisoma mwenyewe kwa sauti, nikigonga meza. Mwenzangu wa chumba alihamia kwa rafiki zake kwa siku nne.

Kati ya mishororo 320, iliyobaki bila kutimia ilikuwa 9. Niliilinganisha na daftari nikakuta 5 ni makosa yangu ya kuchapa. Mitatu ilikuwa na maneno kama "labda" na "daktari", ambayo wengine huyakata hivi na wengine vile. Babu huihesabu hiyo b na hiyo k kuwa mizani kamili, na nikamfuata. Ukabaki mmoja, wenye mizani 15, katika shairi la kuaga mwaka.

Nilimpigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsomea. Akanyamaza kidogo, nikasikia kidole kinagonga meza.

"Huo umepungua," akasema. "Nilijua siku ileile niliyoutuma gazetini. Nikangoja barua ya kunisahihisha. Hakuna aliyeandika."

"Tuurekebishe, babu?"

"Uache hivyohivyo. Andika tu kwamba ni mmoja."